Nani Aliipa Simu ya Upepo Jina Lake

Wiki yangu ya mwisho kazini, Neema wa masjala alinikuta natoa ndoo na mafagio kwenye kile chumba kilichopo mwisho wa korido. Akasimama akasoma kibao cha bati kilicho juu ya mlango. Rangi imepauka lakini maandishi yanasomeka: CHUMBA CHA SIMU YA UPEPO.

"Mzee Stefano," akaniuliza, "zamani mlikuwa mnaweka feni humu?"

Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu jibu ni refu na ndoo zilikuwa mikononi. Jibu lenyewe ndilo hili, na wengine mnaotaka kulisoma someni. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo msitafute humu maneno makubwa. Nitaandika nilichokiona na nilichokisikia, na nisichokijua nitasema sikijui.

Tabia hiyo nilifundishwa ndani ya chumba hicho hicho na Mzee Idrisa wa Ujiji, ambaye tumemzika mwaka huu. Maisha yake yote ya kazi alidai kwamba neno "simu ya upepo" alilianzisha yeye. Baada ya msiba, mjane wake aliniomba nilisome dai hilo mbele ya watu kama jambo la kweli. Nami nilikuwa najua, au nilidhani najua, kwamba si kweli. Ndiyo maana jibu la Neema limekuwa refu.

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa ofisi ya afya Kigoma, nilitembea kwa miguu kutoka Katubuka, nimevaa viatu vya kaka yangu vilivyokuwa vikifika mahali kabla yangu. Mzee Idrisa alikuwa amekaa mbele ya mashine ya kijivu yenye ukubwa wa sanduku la nguo. Chini ya meza palikuwa na betri mbili za gari. Dirishani ulitoka waya uliopanda hadi kwenye paa, ukavuka uwanja, ukafungwa kwenye mchikichi uliokuwa nyuma ya choo. Mkononi alishika kidude cha kusemea, kikubwa kama kipande cha sabuni ya mche iliyotumika nusu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unajua kusikiliza?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ulipokuwa unaingia nilisema nini?"

Nikafikiri. "Hukusema kitu, Mzee."

"Una hakika? Labda nilisema polepole. Hivyo viatu vyako vina kelele kama punda kwenye lami."

Nikasema basi, sikusikia kitu.

"Hapo sawa. Usimsemee mtu kwamba hakusema. Wewe jisemee kwamba hukusikia. Chukua kalamu."

Akanisogezea daftari, na maneno yangu ya kwanza katika utumishi yakawa haya: "Saa mbili na dakika kumi asubuhi. Hakuna kilichosikika."

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kufanya. Zahanati za mwambao wa ziwa, ambako barabara ilikuwa ya kubahatisha na boti ilikuja inapotaka, kila moja ilikuwa na mashine kama yetu. Mgonjwa akizidiwa, mhudumu wa kule aliita, sisi tukaandika, karatasi ikakimbizwa kwa daktari. Daktari akiandika jibu, tukalisoma kurudi kule. Unabonyeza kitufe unasema, unaachia unasikiliza. Ukimaliza na unangoja kujibiwa, unasema "ova." Ukimaliza kabisa na hungoji kitu, unasema "auti." Mzee Idrisa hakuvumilia mtu aliyesema yote mawili pamoja. Alisema huo ni sawa na kumkaribisha mtu ndani huku unamfungia mlango.

Vituo vyote vilikuwa kwenye masafa mamoja. Ukisema na Ilagala, Mwamgongo na Kalya wanasikia. Kwa hiyo hapakuwa na siri. Ujiji mtu asiyeweza kutunza jambo lako walimwita hivyo hivyo, "yule ni simu ya upepo," na kila mtu alielewa kwamba ukimwambia saa nne, saa tano linarudi kwako likiwa na ziada.

Kwenye karatasi za ofisi mashine iliandikwa "redio kol." Sikuwahi kumsikia mtu wa mwambao akiiita hivyo. Kwao ilikuwa simu ya upepo. Simu ya posta walikuwa wanaielewa, kwa sababu waya wake uliuona kwa macho, unakwenda na nguzo kando ya reli, na ukitaka unaweza kuufuata mpaka uchoke. Yetu ilikuwa na kipande cha waya kilichoishia kwenye mchikichi. Baada ya mchikichi palikuwa na nini? Upepo tu. Haya ni maelezo yangu, na mtu yeyote mwenye macho angeweza kuyafikia.

Maelezo ya Mzee Idrisa yalikuwa mengine. Alisema siku moja, mimi nikiwa bado sijazaliwa kikazi, alikuja bibi mmoja mwenye mkongojo kutoka Ilagala, akamuuliza, "Baba, hii simu haina waya, maneno yanapita wapi?" Naye akamjibu palepale, "Yanapita kwenye upepo, mama." Bibi akarudi kwao, akasema amepiga simu ya upepo, na neno likaenea kote.

Hadithi hii niliisikia karibu kila wiki. Mwanzoni bibi alikuwa na mkongojo. Baada ya miezi mitatu alikuwa mama wa makamo mwenye kitenge kipya. Kufikia mwaka wa pili alikuwa binti mzuri wa kutoka Ilagala ambaye, kama Mzee Idrisa asingekuwa ameshaoa, mambo yangekuwa mengine. Jibu lake peke yake ndilo halikubadilika hata silabi moja. Mimi nilisikiliza na kunyamaza, kwa sababu sikuwepo.

Watu walilichukua neno lile kama lilivyo. Waliokuja ofisini kuongea na ndugu zao waliona ajabu kuelekeza uso ukutani wakati Ilagala iko kusini. Wakageuza kiti. Mimi kijana mjuaji nikaanza kueleza kwamba mashine haijali. Mzee Idrisa akanifinya. "Mwache akae anavyotaka. Akitazama kwao, ataongea kwa ufupi." Na ni kweli. Aliyetazama ukuta alizunguka robo saa na salamu, na aliyetazama kusini alisema shida yake mara moja. Tangu hapo kila aliyekuja nilimuuliza anampigia wa wapi, kisha nikamgeuzia kiti.

Alikuwepo mama mmoja wa Kidahwe, shemeji zake wako Ilagala, ambaye kila akija asubuhi alikataa kuongea. Alikaa kwenye benchi na kikapu chake mpaka saa nane mchana.

"Mama, mwakeye. Mbona huingii?" nilimuuliza. Kiha changu ni cha kuungaunga lakini salamu naiweza.

"Upepo wa asubuhi unatoka nchi kavu unakwenda ziwani," akanijibu. "Nikisema sasa hivi, Wakongo watasikia kwanza."

Nilicheka nusura nikae chini. Asubuhi ile ile, mama akiwa bado benchini, mashine ikalia, ikatoka sauti nzito ya mwanamume akiongea Kilingala, anamwita mtu anayeitwa Papaa Fisto na kumdai majibu. Alikaa kwenye masafa yetu dakika ishirini. Mama wa Kidahwe akachungulia mlangoni akanitazama.

Adui wetu mkubwa alikuwa mchikichi. Chikichi zilipoiva, mwenye mti alipanda kukata mikungu, na akichoka aliegemea waya wetu. Hapo Ilagala ilitoweka. Mzee Idrisa alitoka nje, akaangalia juu, akapaza sauti kwa heshima zote, "Bwana Ndayi, tafadhali, umekalia mgonjwa!" Bwana Ndayi alijisogeza, na Ilagala akarudi katikati ya sentensi.

Ilagala, kwetu, alikuwa mtu. Jina lake Anatoli, lakini kwenye simu ya upepo mtu huitwa jina la kituo chake, na sisi hatukumwita vingine. Mimi nilikuwa Kigoma. Anatoli alikuwa mhudumu wa zahanati, mwenye sauti ya mtu anayesafisha koo, na tabia ya kusema "Rudia" hata kama umesema vizuri. Ukimwambia "Habari za asubuhi, ova," anajibu, "Rudia, Kigoma, ova." Nilimchukia miaka miwili.

Niliacha kumchukia siku moja ambayo naomba vijana muisome vizuri, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Ilagala walikuwa na mtoto mwenye homa kali. Daktari aliandika kwenye karatasi, mwandiko wake wa kukimbia: nusu kidonge kila baada ya saa sita. Nilikuwa nimeshaisoma mara moja njiani, nikajiamini, karatasi nikaiweka mezani nikaikalishia kikombe cha chai, nikasema kwa kichwa: "Mpe vidonge sita kila baada ya nusu saa, ova."

Kisha Anatoli: "Rudia, Kigoma, ova."

Nikarudia, kwa hasira kidogo. Vidonge sita, nusu saa.

"Kigoma, huyu ni mtoto au tembo? Ova."

Mwamgongo akacheka hewani. Hata Kalya, ambaye hakuwahi kucheka, akabonyeza kitufe ili tusikie anacheka. Mzee Idrisa hakucheka. Aliinua kikombe, akachukua karatasi iliyolowa chai, akaniwekea mbele ya macho. Nikasoma kilichoandikwa. Anatoli akanisomea tena neno kwa neno, nikamwambia ndivyo. Mtoto alipona, na sifa hiyo ni ya Anatoli na ubishi wake.

Jioni Mzee aliniambia maneno ambayo nimeishi nayo. "Sisi si madaktari, si mahakimu, si wajuzi. Sisi tunasoma kama tulivyopokea. Ukipokea ujinga, soma ujinga, halafu yule wa upande wa pili atauliza." Tangu siku hiyo kila ujumbe niliufungua kwa maneno aliyonifundisha: "Nakusomea kama nilivyopokea." Kikombe changu cha chai kilihamia sakafuni mpaka nilipostaafu.

Baada ya miaka kadhaa nilipelekwa Tabora kwenye kozi fupi ya waendeshaji wa mitambo hii. Tulikuwa kama kumi na tano kutoka mikoa ya huku. Siku ya kwanza wakati wa chakula nikawasimulia habari za Mzee Idrisa na bibi wa Ilagala. Nilisimulia kwa majivuno, maana nani mwingine mezani alikuwa amefundishwa na mwenye neno?

Mzee mmoja wa Mpanda akaweka kijiko chini. "Simu ya upepo? Neno hilo nimelianzisha mimi."

Mwingine, wa Kibondo, akasema hapana, ni la bosi wake wa zamani, na tarishi wa ofisi ni shahidi. Wa Nzega akasema kwao lilianzishwa na ng'ombe. Sikuelewa vizuri habari ile, na nilipomwomba aeleze ilizidi kuwa ndefu. Kabla ya maharage kupoa, tulikuwa na waanzilishi watano. Karibu wote walikuwa na bibi, na bibi wao aliuliza swali lile lile.

Nilirudi Kigoma na mzigo. Ningeweza kukaa kimya, lakini tabia ya kukaa kimya juu ya kitu ninachokijua sikuwa nayo, na aliyeninyang'anya ni huyo huyo Mzee. Nikamweleza yote, Mpanda, Kibondo, Nzega na ng'ombe wao.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaifuta mashine vumbi kwa pindo la kanzu, taratibu, kona zote nne. Niliona nimemuumiza, na nikatamani kuyarudisha maneno mdomoni.

Kisha akasema, "Stefano, mimi nilipolisema neno lile, kitufe kilikuwa kimebonyezwa."

"Naam, Mzee?"

"Bibi alikuwa kwenye kiti, mimi nimeshika kidude, kitufe nimebonyeza. Nilisema hewani. Mpanda alisikia. Kibondo alisikia. Wote hao walilipata kwangu kupitia upepo."

"Na ng'ombe wa Nzega?"

"Ng'ombe ana masikio makubwa kukuzidi."

Masafa yalikuwa mamoja. Hewani hakuna mlango. Nilichoweza kusema kwa haki ni kwamba sikusikia, na kutosikia kwangu, kama alivyonifundisha siku ya viatu, hakumaanishi kwamba hakusema.

Mzee Idrisa alistaafu, nikabaki na kiti chake. Muda si mrefu zikaingia simu za mkononi. Minara ikasimama mpaka vijijini, na watu wakaacha kuja kugeuziwa kiti. Mwamgongo alikuwa wa kwanza kunyamaza, akafuata Kalya. Anatoli hakunyamaza. Kila asubuhi saa mbili aliita, "Kigoma, Kigoma, Ilagala hapa, unanipata, ova," nami nikamjibu nampata. Akimaliza alinipigia kwa simu ya mkononi kuuliza kama kweli nimempata. Kwenye simu ya mkononi pia alisema ova, kisha akangoja nami niseme. Nikisahau, tulikaa kimya wote wawili huku salio likiisha.

Siku moja betri zilikufa na hakuna aliyeona sababu ya kuleta nyingine. Mashine ilichukuliwa. Nikahamishiwa stoo, chumba kikaletewa mafagio, na daftari la mwisho, lenye kurasa nyingi tupu, niliombwa nilitupe. Niliomba kibali cha kulichukua nyumbani, nikasaini. Ninaandika hivyo ili mtu asije akadhani nimeiba.

Mzee Idrisa nilimtembelea Ujiji kila mara. Alizeeka vizuri, ila masikio yakamwacha, jambo ambalo kwake lilikuwa dharau. Mara ya mwisho nilipomwona alinisimulia tena kisa cha bibi. Bibi alikuwa na mkongojo tena, kama mwanzo. Nikajua safari imekaribia.

Wiki moja kabla ya arobaini yake, mjane wake, Bi Mwamvua, aliniita. Alinipa karatasi iliyochapwa.

"Mwanangu Stefano, siku ya hitima wewe ndiye utasoma wasifu wake. Sauti yako aliizoea."

Nikaisoma kimoyomoyo. Mstari wa nne ulisema: "Marehemu ndiye mwanzilishi wa neno simu ya upepo, linalotumika nchi nzima."

"Mama, hapa kwenye mstari wa nne..."

"Kuna herufi imekosewa?"

"Hapana, Mama. Ila jambo lenyewe sina uhakika nalo."

Akavua miwani. "Huna uhakika? Wewe umekaa naye chumba kimoja saa nyingi kuliko mimi! Mimi nilikuwa namwona anakuja kula na kusinzia. Stefano, mume wangu hakuacha ghorofa wala basi lenye jina lake. Ameacha neno. Leo wewe, uliyefundishwa naye kushika kalamu, ndiye unayetaka kumnyang'anya?"

Siku tatu nilitembea na karatasi ile mfukoni. Nikisoma kama ilivyo, nimesema mbele ya watu na mbele ya Mungu jambo nisilolijua. Nikiruka mstari, nimemzika Mzee mara ya pili, tena bila sanda. Mke wangu alisema nijifanye nimepata mafua. Mafua sikuwa nayo.

Siku ya nne, ndani ya stoo, nikihesabu glavu, nikajiona mpumbavu. Nani aliniuliza mimi kama ni kweli? Mimi ni mtu wa simu ya upepo. Kazi yangu ni kusoma kama nilivyopokea. Nikaenda kwa Bi Mwamvua jioni ile ile nikamwambia wazi jinsi nitakavyosoma, asije akashtuka mbele za watu.

"Soma unavyojua," akasema. "Mradi isikike."

Siku ya arobaini uwanja ulijaa. Wanaume kwenye mikeka, akina mama barazani, pilau ikinukia nyuma ya nyumba kiasi kwamba dua ya mwisho iliitikiwa kwa nguvu kuliko zote. Mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Anatoli. Alikuja kutoka Ilagala asubuhi, na alikuwa ameshikilia sikio la kulia kwa kiganja.

Nikasimama. Nikasoma alikozaliwa, alikosoma, watoto na wajukuu. Nilipofika mstari wa nne nikaikunja karatasi.

"Sasa ni ujumbe kutoka kwa Mzee Idrisa wa Ujiji, kwenda kwa wote waliopo. Nakusomea kama nilivyopokea. Anasema: Siku moja alikuja bibi mwenye mkongojo kutoka Ilagala, akaniuliza, baba, hii simu haina waya, maneno yanapita wapi? Nikamjibu, yanapita kwenye upepo, mama. Bibi akaenda kusema kwao. Hivyo ndivyo mimi, Idrisa, nilivyolianzisha neno simu ya upepo. Mwisho wa ujumbe. Ova."

Hapo nilikosea kikazi. Kwa marehemu ilibidi niseme auti. Mdomo ulisema ova, na kwa kuwa nimesema ova, miguu ikakataa kukaa. Nikasimama nangoja. Watu nao wakangoja, bila kujua wanangoja nini. Nilisikia mtu barazani akipenga kamasi.

"Rudia, Kigoma!" Anatoli akapaza sauti kutoka kwenye kiti cha plastiki. "Rudia kuanzia kwenye bibi, ova!"

Kicheko kilianzia kwenye mkeka wa nyuma, kikaja mbele. Nikarudia. Safari hii nilisema kwa sauti kubwa, na kumbe watu walishalishika jibu, maana nilipofika "yanapita kwenye upepo," akina mama walinimalizia, "mama!" Nikafika mwisho. Ova.

Anatoli akatikisa kichwa. "Imepokelewa, Kigoma. Lakini neno lile nililianzisha mimi. Bibi mwenye mkongojo alikuwa mama yangu mzazi. Alirudi Ilagala akaniuliza mimi, amepiga simu gani. Nikamwambia, mama, hiyo ni simu ya upepo. Ova."

Uwanja ulilipuka. Barazani Bi Mwamvua akasimama, miwani mkononi. Nikasema moyoni, sasa shughuli imeharibika.

"Ilagala!" akaita. Hakuwahi kumwita hivyo maishani. "Una shahidi?"

"Ninaye!"

"Nani?"

"Marehemu!"

Bi Mwamvua alicheka mpaka wakamshika mikono yote miwili, na machozi yalimtoka, na sikuweza kujua ni yapi ya kicheko na yapi ya arobaini. "Basi bibi alikuwepo," akawa anasema. "Jamani, basi yule bibi alikuwepo kweli. Mimi nilidhani ni mwanamke wake."

Pilau ikaliwa. Anatoli alipewa sahani iliyojaa kuliko zote, akaambiwa hiyo ni ya mpinzani.

Neema, jibu lako ni hilo. Nani alianzisha neno, sijui. Najua kwamba bibi alikuwepo, ana mtoto, na mtoto ni kiziwi kidogo. Kile kibao naomba mkiache mlangoni, hata kama ndani kuna mafagio.

Niliporudi Katubuka alasiri ile ya arobaini nilichukua daftari la mwisho, nikafungua ukurasa mtupu. Niliandika kama kanuni ilivyotaka: "Saa saba na robo mchana. Ujumbe umesomwa Ujiji kama ulivyopokelewa. Ilagala amepinga. Baada ya ova nilingoja jibu la Mzee Idrisa kwa dakika tatu." Nilitaka kuandika kwamba hakujibu. Kalamu ikasita, nikakumbuka viatu.

Nikaandika: "Hakuna kilichosikika."